Bei ya Las Vegas Katika Ua wa Kuze

Dalali aliponipigia simu alitaja bei kabla ya kuitaja pikipiki yenyewe. Alisema laki nane, akanyamaza kidogo ili neno liniingie, kisha akaeleza kwamba ni pikipiki ya Kiingereza ya enzi za ukoloni, imewekwa katika ua wa nyumba moja mtaa wa Kuze, Mji wa Kale, na kwamba mwenyewe ni mjane asiyejua ana nini mkononi. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nivae viatu. Kwa miaka kumi na mitano hivi nimekuwa nikizifuata pikipiki kongwe hapa Mombasa na viungani mwake, nimenunua tatu na kuuza mbili, na kila niliposikia dalali akisema kwamba muuzaji hajui thamani ya mali yake, ilidhihirika baadaye kwamba asiyejua nilikuwa mimi.

Ua ulikuwa ule wa nyumba za zamani, ambao ukinyoosha mikono yote miwili unakaribia kuzigusa kuta, wenye birika la maji upande mmoja na ngazi ya mawe inayopanda darini upande wa pili. Chini ya ngazi hiyo kulikuwa na rundo la magunia ya mchele, na juu ya magunia alilala kuku. Tulimfukuza kuku, tukayatoa magunia moja baada ya jingine, na mwisho wake nikaiona BSA Bantam, ile ya kwanza kabisa katika ukoo wake, iitwayo D1, tangi lake likiwa bado na rangi ya kiwandani ya kijani kilichofifia, imepauka kama jani la mpapai lililosahauliwa juani. Bantam ni jina la jamii ya kuku wadogo, na jogoo wake alichorwa kwenye tangi. Ukikaribia vizuri uliweza kuona mkia wake. Nilimtazama kuku aliyefukuzwa, nikaona kwamba hakuwa amekosea mahali pa kulala.

Dalali hakuwa na habari na jogoo. Alikuwa amefungua simu yake na kunionyesha mauzo mawili ya mnada wa Las Vegas: Vincent Black Lightning ya mwaka 1951, iliyouzwa Januari 2018 kwa dola 929,000, na Harley-Davidson ya mwaka 1908 iliyouzwa Januari 2023 kwa dola 935,000. Taarifa hizo ni za kweli. Hesabu yake ndiyo iliyokuwa na kasoro, kwa sababu aliona kwamba ikiwa vyuma vikuukuu huuzwa kwa zaidi ya shilingi milioni mia moja, basi laki nane ni kama sadaka.

Black Lightning ilikuwa pikipiki ya mashindano, na zilizotengenezwa ni kama thelathini tu. Hiyo iliyouzwa Las Vegas ndiyo ambayo Jack Ehret aliiendesha mwaka 1953 na kuvunja rekodi ya kasi ya Australia, na historia yake inafuatilika. Ile Harley nayo huitwa Strap Tank kwa sababu tangi lake lilining'inizwa kwenye fremu kwa mikanda ya chuma, na zilizobaki duniani za namna hiyo zinahesabika. Aliyetoa dola hizo alikuwa akilipia uchache pamoja na ushahidi wa uchache huo. Umri peke yake haukumvutia. Kama ungemvutia, angekuja Mombasa kununua mawe ya Ngome ya Yesu.

Bantam ni kinyume cha hayo yote, na hilo halipunguzi mapenzi yangu kwake. BSA ilianza mwaka 1861 mjini Birmingham kama kampuni ya bunduki, ndiyo maana nembo yake ni bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja, na Bantam iliingia sokoni mwaka 1948 ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 123. Mchoro wake haukuwa wa Kiingereza. Ulikuwa wa DKW RT 125 ya Ujerumani, uliochukuliwa baada ya vita kama sehemu ya fidia, na mchoro huo huo ulizaa Harley-Davidson ndogo kule Marekani, Moskva kule Urusi, na hata Yamaha ya kwanza kabisa, YA-1 ya mwaka 1955. Waingereza waliugeuza kama mtu anayejitazama kwenye kioo, ili kanyagio la gia likae kulia kama walivyozoea wao. Kisha wakaunda nyingi sana, zaidi ya 350,000 hadi mwaka 1971, kwa ajili ya wapeleka simu za maandishi, wakulima, wauguzi wa vijijini na vijana waliokuwa hawajapata fedha za kununua pikipiki kubwa. Leo hii kule Uingereza Bantam nzuri, inayowaka na yenye karatasi, huweza kupatikana kwa pauni 2,000 au 3,000. Hata ukizigeuza pauni hizo ziwe shilingi hazifiki laki nane, na iliyokuwa mbele yangu ilikuwa haijawaka kwa muda mrefu kuliko umri wa dalali.

Mwenye nyumba alishuka ngazi taratibu, leso mbili mwilini, akaketi kwenye kiti. Aliniuliza maswali ya kwetu kwanza, mimi ni wa nyumba ya nani na mama yangu alitoka mtaa gani, na aliporidhika akaingia kwenye jambo. "Mwanangu, bwana huyu asema yauzwa laki nane. Na yule wa vyuma chakavu alikuja akasema ataipima kwa kilo. Nimsadiki nani?"

Swali hilo ni gumu kwa mtu aliyekuja kununua. Pikipiki yenyewe haifiki kilo mia, kwa hiyo bei ya mtu wa vyuma chakavu ilikuwa ya kununulia samaki wa wiki moja, na ningeweza kuongeza kidogo juu yake nikaondoka na mali huku nikionekana mwema. Nilimwambia, "Mama, wote wawili wamekosea. Kwa hali hii ilivyo, injini ikiwa imeshika, haizidi laki mbili na kitu, na hilo pia ni kwa mtu anayeijua. Nami naitaka, kwa hiyo usinisadiki mimi pekee." Nikamshauri apige picha, azipeleke kwa watu wanaoingiza pikipiki zao katika mashindano ya Concours d'Elegance kule Ngong Racecourse, Nairobi, ambayo kwa miaka mingi yamewakutanisha wenye magari na pikipiki za zamani, asikie watasema kiasi gani. Dalali alinitazama kama mtu aliyeona mwenzake akimwaga mchuzi wa harusi.

Naomba nikae kidogo juu ya kutu, kwa maana hapa kwetu kutu ndiyo inayopanga bei. Pikipiki iliyokaa miaka arubaini katika banda la Nakuru na nyingine iliyokaa miaka hiyo hiyo hatua mia mbili kutoka bandari ya zamani si mali moja, hata kama zilitoka kiwandani siku moja. Chumvi inayoletwa na upepo wa kusi hutua juu ya chuma, na kwa kuwa chumvi hunyonya unyevu wa hewa, chuma hubaki na majimaji hata katika siku ambazo hakuna mvua. Kibaya zaidi ni pale chuma kinapogusana na alumini, kama vile boliti za injini, kwani hapo alumini huliwa na kugeuka unga mweupe, na ukilazimisha boliti itoke inatoka na kipande cha injini. Kwa hiyo mimi huanza kutazama mahali ambapo muuzaji hakupangusa. Natazama chini ya tangi, ambako maji hukaa kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, na humulika ndani yake kwa tochi. Natazama vichwa vya spoki, ndani ya rimu palipofunikwa na tairi, na maungio ya madigadi. Na mfukoni daima huwa na sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa, ambayo naitembeza juu ya bati: ikishika sana hapa na kulegea pale, basi palipolegea si bati, ni pati, ule uji mzito wa kuzibia mashimo, iliyopigwa msasa na kufunikwa rangi.

Sumaku hiyo niliinunua kwa sababu ya Vespa, ile skuta ya Kiitaliano. Mji huu ulikuwa na Vespa nyingi, na wengi wa rika langu wana baba au ami aliyewahi kuwa nayo. Ubaya wake kwa watu wa pwani umo katika ustadi wake mwenyewe. Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege aliyeibuni kwa ajili ya Piaggio mwaka 1946, alilifanya bati la mwili liwe ndilo fremu, kwa hiyo sakafu ikioza, kilichooza ni uti wa mgongo. Lambretta, mpinzani wake wa Milano, ina bomba la chuma ndani na bati limevishwa tu juu, ndiyo maana Lambretta iliyoliwa na chumvi bado inaweza kuokolewa. Wanunuzi wa Ulaya na Marekani walijifunza somo hili kwa hasara, walipoanza kuletewa kutoka Vietnam Vespa zilizong'aa kama peremende, rangi mbili na nikeli kila mahali, ambazo chini ya rangi zilikuwa vipande vya Vespa tatu zilizooza vilivyochomelewa pamoja na kujazwa pati. Nikiona pikipiki kongwe inang'aa kupita kiasi, huwa nakumbuka habari hiyo kabla sijauliza bei.

Hivyo basi dalali aliposema, kwa nia njema kabisa, kwamba ataipeleka Bantam kwa kijana wa Majengo aipige rangi nyekundu ipate sura ya kuuzika, niliinua sauti mbele ya mkubwa, jambo ambalo nililiombea radhi papo hapo. Rangi ile ya kijani iliyopauka, na nusu ya jogoo, ndiyo thamani yenyewe. Kijani hicho kilipakwa Birmingham, na kikikwanguliwa, pikipiki haiwezi tena kuthibitisha kitu chochote kwa sura yake. Mnunuzi anayejua atalipa zaidi kwa tangi lililochakaa kihalali kuliko kwa jipya lililopakwa jana, na mnunuzi asiyejua atalipa kwa furaha na kesho atakuwa adui yako.

Kuthibitisha ndilo neno ninaloliogopa zaidi katika biashara hii, na sababu yake ni Triumph yangu. Miaka tisa iliyopita, katika mji mwingine, niliuziwa pikipiki niliyoambiwa ni Bonneville ya mwaka 1967. Bonneville ndiyo Triumph inayotafutwa kuliko zote. Ilitangazwa mwaka 1958, injini ya sentimita za ujazo 649, ikapewa jina la uwanda wa chumvi wa Utah, Marekani, ambako mashine za kasi hujaribiwa. (Ya Utah ni chumvi inayoleta sifa, yetu huleta kutu.) Alama yake ya nje ni kabureta mbili, wakati ndugu yake iitwayo TR6 ina moja, na bei zao hazilingani. Hiyo niliyouziwa ilikuwa na kabureta mbili, na kwenye injini, mbele ya namba, zilisomeka herufi T120 kama inavyotakiwa. Nililipa, nikaileta Mombasa, na kwa mwaka mzima nilijiona mtu.

Siku moja mzee mmoja fundi, aliyestaafu kazi ya mitambo ya bandari, alipitisha kidole chake juu ya namba ile akaniuliza kwa nini chuma hapo kina bonde. Palikuwa pamepigwa tupa. Herufi nazo, ukizitazama kwa lenzi, hazikusimama kwenye mstari mmoja. Baadaye, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kiwanda cha Triumph cha Meriden, Uingereza, kilianza kugonga namba juu ya safu za nembo ndogondogo za Triumph, ili anayepiga tupa ajulikane mara moja, lakini pikipiki za kabla ya hapo sehemu hiyo ni tupu, na patupu hujazwa na yeyote mwenye nyundo. Niliandikia Vintage Motor Cycle Club ya Uingereza, iliyoasisiwa mwaka 1946 na ambayo imehifadhi daftari za viwanda vingi vilivyokufa, na jibu lilionyesha kwamba namba hiyo ilikuwa ya TR6. Kichwa cha injini chenye matundu mawili kilikuwa kimehamishwa kutoka mashine nyingine. Aliyeniuzia alikuwa amebadilisha namba ya simu pia. Pikipiki hiyo bado ninayo, na inatembea vizuri, ila kila ninapoipiga kiki najisikia nimekaa juu ya uongo wa mtu mwingine.

Kwa BSA mambo yana namna yake, na hapa wanunuzi wengi hujikwaa. Triumph za wakati huo zilitoka kiwandani zikiwa na namba moja kwenye injini na kwenye fremu, lakini BSA za miaka ya 1950 kwa kawaida zilitoka na namba mbili zisizofanana, kila moja na daftari lake. Nimewahi kumsikia mtu akikataa BSA safi kwa sababu namba hazikulingana, na nikamsikia mwingine akisifiwa BSA ambayo namba zake zililingana, jambo ambalo lingepaswa kumtia shaka. Kwa Bantam ya Kuze nilikwangua uchafu kwenye shingo ya fremu kwa kijiti cha kuchokolea meno, nikanakili namba, nikanakili na ya injini, chuma kikiwa sawasawa bila bonde. Mama alipoona naandika, aliingia ndani akarudi na bahasha kubwa ya picha za eksirei. Ndani yake, kati ya goti la marehemu na kifua cha marehemu, kulikuwa na logbuku, yaani hati ya umiliki, stakabadhi za leseni ya barabara, na karatasi ya duka ya tairi mbili. Namba zililingana na zangu, zote mbili.

Hapo ndipo bei ilipopanda machoni mwangu, na hapo hapo ndipo biashara ilipokwama. Logbuku ni ya marehemu. Siku hizi uhamisho wa umiliki hufanywa kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia mtandao, na mwenye mali anatakiwa aingie kwenye akaunti yake akubali, na aliyezikwa hana akaunti. Lakini hata kama karatasi ingewezekana kupenyezwa, na dalali alidai anamjua mtu, mali yenyewe haikuwa ya mama kuiuza peke yake. Marehemu ameacha watoto, wa kiume wawili na wa kike watatu, na katika mirathi ya Kiislamu fungu la mjane mwenye watoto ni thumni, yaani sehemu moja kati ya nane. Yaliyosalia ni ya watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke. Pikipiki, kama nyumba, imo ndani ya tirka, yaani mali aliyoiacha marehemu. Nikimlipa mama na kuondoka nayo, nitakuwa nimenunua thumni ya Bantam, pengine gurudumu la mbele na taa, na mengine yote nimeyachukua bila idhini. Nilimweleza hivyo akacheka sana, akasema mumewe aliikataza hata mvua isiiguse pikipiki hiyo, sembuse mtu asiye na haki nayo. Watoto wanne wako hapa hapa na wamekubali kwa maneno. Wa tano yuko Jeddah, ndiye mkubwa, na yeye ndiye aliyekuwa akipakiwa nyuma kwenda madrasa. Hati ya Kadhi itatafutwa akishajibu.

Kijana wa bodaboda anayempelekea mama maji ya kunywa alikuwa amesimama mlangoni wakati wote huu, akaomba aikalie. Alikaa, na mguu wake wa kushoto ukaenda moja kwa moja mahali ambapo pikipiki yake ya Boxer ina gia. Akakanyaga breki. Mguu wa kulia nao ukaenda kutafuta breki ukakuta gia. Alishuka akisema mashine hii imeundwa na mtu mwenye kinyongo, na nikamwambia asiifanyie mzaha, kwa sababu mtu aliyezoea pikipiki za leo akiipanda hiyo kwenye mteremko wa kivuko cha Likoni, miguu yake itafanya uamuzi wa zamani kabla akili haijaingilia kati. Fundi wake naye atahitaji subira. Nati zake hazifunguliwi kwa spana za milimita, wala kwa spana za kawaida za inchi, kwa kuwa zinafuata vipimo vya Whitworth, vya mwaka 1841, ambavyo namba iliyoandikwa kwenye spana ni unene wa skrubu na si upana wa nati. Mafundi wetu hulimaliza tatizo hilo kwa ile spana inayopanuka na kubana, ambayo jina lake la gereji ni malaya, naomba radhi, na ndiyo iliyoharibu pembe za nati nyingi zaidi ya kutu. Mimi ninayo seti ya Whitworth niliyoinunua kwenye vyombo vya marehemu mmoja kule Changamwe, na simwazimi mtu.

Jibu la Jeddah halijafika bado. Nimemwomba mama ruhusa ya jambo moja tu wakati tunasubiri, akaniruhusu: kila Ijumaa baada ya swala napita Kuze, natoa plagi, namimina vijiko viwili vya mafuta mepesi kwenye silinda, narudisha plagi kwa mkono bila kuikaza, kisha naziacha pistoni na ringi zinywe taratibu. Sipigi kiki, kwa maana ringi zilizoshika zikilazimishwa huvunjika, na kipande cha ringi kikiingia kwenye matundu ya silinda ya injini ya aina hii hukwangua kila kinachopita. Naweka gia ya tatu, naisukuma pikipiki mbele na nyuma kidogo kwa kiganja, nasikiliza. Sumaku ya magneto yake haihitaji betri, kwa hiyo cheche si jambo linalonitia hofu. Wiki sita za kwanza gurudumu lilikataa katakata. Ijumaa iliyopita, mama akiwa amekaa kwenye kiti chake anachambua mchele, cheni ilikaza, ikalia mara moja, na gurudumu likasogea upana wa kidole. Mama aliinua uso kutoka kwenye ungo akaniuliza kama nimevunja kitu.